Mwanafunzi Anapofeli: Kusoma Alama za Mtihani kama Kipimo

Matokeo ya muhula wa kwanza yanapotoka katika chuo cha afya, wanafunzi wengi huyapata kwa simu ya mkononi, wakiwa bwenini. Chukulia binti wa mwaka wa kwanza wa shahada ya udaktari. Kidato cha sita alisoma Fizikia, Kemia na Biolojia na kupata daraja la kwanza. Tangu siku hiyo majirani hawamwiti mama yake kwa jina jingine ila Mama Daktari. Sasa anafungua matokeo na kukuta D katika anatomia, alama isiyomruhusu kuvuka. Itambidi afanye mtihani wa marudio, ule ambao wanafunzi wenyewe huuita sapu. Kabla hajaiweka simu chini, inaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, daktari wangu. Nasikia matokeo yametoka. Vipi, umefaulu?"

Binti anautazama ukuta kwa muda. "Nimefaulu, mama. Yote."

Binti huyu ni wa mfano tu, lakini wengi waliopita katika vyuo vya udaktari, uuguzi, famasia na maabara watamtambua. Hana mazoea ya kusema uongo. Alichofanya ni kujikinga na maana ambayo alama imepewa tangu alipoanza shule: kwamba anayefaulu ni mtu wa aina moja, na anayefeli ni mtu wa aina nyingine. Maana hiyo inastahili kuchunguzwa, kwa sababu madhara yake hayaishii chuoni. Humfuata mhitimu hadi wodini, na mwisho humfikia mgonjwa.

Kipanga na kilaza

Katika shule nyingi za Tanzania wanafunzi hupewa majina mapema. Anayeongoza darasa ni kipanga. Anayeshika mkia ni kilaza. Majina haya hutamkwa kwa utani, lakini ndani yake mna fundisho zima kuhusu akili: kwamba kila mtu amezaliwa na kiasi chake, kwamba kiasi hicho hakiongezeki, na kwamba mtihani ni mizani ya kukipima. Mwanasaikolojia wa Marekani Carol Dweck amechunguza imani ya namna hii kwa miongo kadhaa, na mwaka 2006 aliieleza kwa wasomaji wa kawaida katika kitabu chake mashuhuri. Kwa Kiswahili imani hiyo yaweza kuitwa mtazamo mgando. Kinyume chake ni mtazamo wa kukua, yaani imani kwamba uwezo wa mtu huongezeka kwa mazoezi, kwa mbinu bora na kwa msaada wa watu wengine.

Mtazamo wa kukua haudai kwamba watu wote wamezaliwa sawa, wala kwamba kila mtu anaweza kuwa chochote. Tofauti ya mitazamo hii miwili huonekana katika swali ambalo mtu hujiuliza baada ya kuanguka. Mwenye mtazamo mgando huuliza, "Hivi kweli nina akili?" Mwenye mtazamo wa kukua huuliza, "Nilisomaje, na kilichokosekana ni nini?" Swali la kwanza likishajibiwa, hakuna kazi inayofuata. La pili huzaa kazi ya kufanya kesho asubuhi.

Huenda wengi wakadhani kwamba mtazamo mgando huwaumiza vilaza peke yao. Utafiti wa Claudia Mueller na Carol Dweck, uliochapishwa mwaka 1998, ulionyesha vinginevyo. Watoto wa darasa la tano nchini Marekani walipewa mafumbo ya kutatua na kuambiwa kwamba wamefanya vizuri. Baadhi yao walisifiwa kwa akili zao, na wengine walisifiwa kwa juhudi yao. Kisha wote wakapewa mafumbo magumu ambayo yaliwashinda, na baadaye mengine yenye ugumu sawa na yale ya kwanza. Waliosifiwa kwa akili walipungukiwa hamu ya kuendelea na wakafanya vibaya kuliko walivyoanza. Waliosifiwa kwa juhudi walifanya vizuri zaidi. Watoto hao walipotakiwa kumwandikia mtoto wa shule nyingine, ambaye hawakumjua, na kumtajia alama walizopata, karibu wanne katika kila kumi miongoni mwa waliosifiwa kwa akili waliziongeza alama zao. Katika kundi la juhudi waliofanya hivyo walikuwa wachache zaidi.

Kwa watoto hao sifa ya siku moja ilitosha. Binti wa mfano amesikia sifa kama hiyo kwa miaka 13, kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha sita. Sasa ameingia katika darasa ambalo karibu kila aliyemo alikuwa kipanga shuleni kwake. Ni lazima baadhi ya wanafunzi wa darasa hilo wawe chini ya wastani, na huenda kwa wengi wao ikawa mara ya kwanza maishani. Kama alama ndiyo iliyokuwa ikimwambia yeye ni nani, D moja inatosha kumwacha bila jibu.

Ubongo unaojifunza hubadilika

Imani kwamba akili haisogei haiungwi mkono na yale yanayojulikana kuhusu ubongo. Nchini Ujerumani, Bogdan Draganski na wenzake walipiga picha za MRI za bongo za wanafunzi wa udaktari miezi 3 kabla ya mtihani wao mkubwa, kisha mara tu baada ya mtihani, na tena miezi kadhaa baadaye. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba katika kipindi cha kusoma kwa bidii sehemu ya kijivu ya ubongo iliongezeka katika maeneo ya nyuma ya utosi na katika hipokampasi, eneo lenye kazi kubwa katika kumbukumbu.

Mfano mwingine unatoka London. Madereva wa teksi wa jiji hilo hulazimika kuhifadhi kichwani mitaa ipatayo 25,000 kabla ya kupewa leseni, kazi inayochukua miaka 3 hadi 4. Katherine Woollett na Eleanor Maguire waliwafuatilia wanafunzi wa udereva 79 tangu mwanzo wa mafunzo na kuchapisha matokeo yao mwaka 2011. Waliofaulu walikuwa 39, na picha za bongo zao zilionyesha ongezeko katika sehemu ya nyuma ya hipokampasi. Ongezeko hilo halikuonekana kwa wale walioshindwa, ingawa mwanzoni makundi hayo hayakutofautiana. Waliofaulu ndio waliokuwa wametumia saa nyingi zaidi kila wiki katika mazoezi.

Tafiti za aina hii huhusisha watu wachache, na haziondoi uwezekano kwamba wapo waliozaliwa na wepesi fulani wa kujifunza. Hata hivyo zinatosha kuonyesha kwamba ubongo wa mtu mzima bado unajengwa na kazi anayoifanya. Mwanafunzi wa miaka 20 aliyefeli anatomia hajafikia kikomo chake.

Kipimo husomwaje?

Wahudumu wa afya tayari wanao ujuzi wa kushughulikia jibu baya, kwa kuwa huutumia kila siku kwa wagonjwa. Mgonjwa akipimwa shinikizo la damu na kukutwa na 160 kwa 100, daktari makini hamwambii kwamba yeye ni mtu wa shinikizo na mambo yamekwisha. Huuliza kwanza. Je, alikaa akatulia kwa dakika 5 kabla ya kupimwa? Mkanda wa kipimo unalingana na unene wa mkono wake? Amekunywa kahawa? Dawa zake zilikwisha lini? Kisha hupima tena, hutafuta chanzo, hubadili tiba, na kumpangia tarehe ya kurudi. Daktari halipuuzi jibu hilo, kwa sababu shinikizo lisilotibiwa huua. Lakini halifanyi kuwa jina la mgonjwa.

Alama ya mtihani inastahili kusomwa kwa utaratibu uleule. D katika anatomia ni taarifa ya kweli: siku ya mtihani, kwa mbinu aliyoitumia, mwanafunzi hakufikia kiwango kinachotakiwa. Kuikana taarifa hiyo, au kumlaumu mhadhiri na kuendelea kama kawaida, ni sawa na mgonjwa anayetupa karatasi ya majibu ya maabara. Kinachofuata ni kuchunguza. Alipoteza alama katika maswali ya kutaja majina ya viungo, au katika yale ya kueleza kazi yake? Alikosa vipindi vya maabara? Alianza kusoma lini? Alikuwa akilala saa ngapi? Aliombaje msaada, na kwa nani? Mara nyingi mwanafunzi aliyefeli hajawahi kuyatazama makosa yake moja moja; ameitazama herufi tu. Kukutana na mhadhiri na kupitia mahali alipokosea ni hatua ya kwanza, na ndiyo ambayo aibu huizuia zaidi ya zote.

Uchunguzi huo mara nyingi hufichua tatizo la mbinu. Shuleni binti alizoea kubukua: kusoma daftari mara tano, kupiga mistari chini ya maneno, na kukesha siku mbili kabla ya mtihani. Chuoni aliendelea vivyo hivyo, safari hii kwa madesa aliyoachiwa na wanafunzi wa mwaka uliotangulia. Mbinu hiyo humpa mtu hisia ya kujua. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio ambalo wanafunzi wa chuo walisoma kifungu cha maneno. Kundi moja lilikisoma mara nne. Kundi jingine lilikisoma mara moja, kisha mara tatu likajaribu kukumbuka yaliyomo bila kukitazama. Baada ya dakika 5, waliokisoma mara nne walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja hali iligeuka: waliosoma tu walikumbuka asilimia 40 ya yaliyomo, na waliojijaribu walikumbuka asilimia 61.

Wagonjwa wa kisukari watalielewa jambo hili kwa urahisi. Mtu anaweza kula kwa uangalifu siku tatu kabla ya kliniki, na sukari yake ya asubuhi ikaonekana nzuri. Lakini kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takribani miezi 3, humfichua. Kukesha kabla ya mtihani kunafanana na siku hizo tatu. Kunaweza kupandisha alama ya siku moja, huku maarifa ya kumhudumia mgonjwa miaka mitano baadaye yakiwa hayapo.

Basi tiba ya sapu si kurudia dozi ileile. Ni kujijaribu mapema na mara kwa mara, kurudia somo kwa kuachia siku kadhaa katikati, na kulala vya kutosha, kwa kuwa ubongo huimarisha kumbukumbu wakati wa usingizi. Kwa mwanafunzi wa Tanzania kuna jaribio jingine lenye faida kubwa. Mtihani wake uko kwa Kiingereza, na ni rahisi kukariri sentensi za Kiingereza bila kushika maana yake. Afunge daftari na kumweleza mwenzake kwa Kiswahili, kwa mfano, njia ya mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya mfupa wa juu wa mkono, na kwa nini mtu aliyevunjika mfupa huo huweza kushindwa kuinua kiganja chake. Akikwama, amepata mahali pa kurudi kusoma. Akiweza, ataweza pia siku moja kumweleza mgonjwa.

Hapa ndipo lile neno maarufu la ripoti za shule, "ongeza bidii," linapoonyesha upungufu wake. Bidii inahitaji kuelekezwa. Dweck mwenyewe ameonya kwamba kumsifu mwanafunzi kwa juhudi peke yake, wakati hajifunzi, si mtazamo wa kukua. Anayekesha kila usiku kwa mbinu isiyofaa hahitaji kuambiwa akeshe zaidi.

Mipaka ya mtazamo

Mtazamo wa kukua si dawa ya kila kitu, na ushahidi wenyewe unasema hivyo. Mwaka 2018 Victoria Sisk na wenzake walichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za jambo hili na kugundua kwamba, kwa wastani, mafunzo ya mtazamo wa kukua yalikuwa na athari ndogo katika matokeo ya masomo. Mwaka uliofuata David Yeager na wenzake walitoa matokeo ya jaribio kubwa lililohusisha wanafunzi wa sekondari wapatao 12,000 nchini Marekani. Mafunzo yasiyofikia saa moja yaliinua wastani wa wanafunzi waliokuwa nyuma kwa takribani pointi 0.1. Faida ilionekana zaidi katika shule ambazo wanafunzi wenyewe waliona ni jambo la kawaida kukabiliana na masomo magumu.

Hili la mwisho lina somo kwa vyuo. Mbegu njema haiwezi kuota juu ya mwamba. Mwanafunzi akiambiwa kwamba kosa ni sehemu ya kujifunza, halafu akachekwa mbele ya wenzake anapokosea, ataamini kicheko. Mhadhiri anayebandika majina ya waliofeli, au anayeanza muhula kwa kutamba kwamba nusu ya darasa haitavuka, anafundisha mtazamo mgando hata kama hajawahi kulisikia neno hilo.

Vilevile, si kila kufeli kunatokana na mbinu ya kusoma. Mwanafunzi anaweza kuwa na upungufu wa damu, matatizo ya macho, kifafa, au ugonjwa ambao haujagunduliwa. Anaweza kuwa anakula mlo mmoja kwa siku kwa sababu fedha imekwisha, au anamuuguza mzazi kwa simu kila usiku. Kumwambia mtu huyo abadili mtazamo, pasipo kumuuliza habari zake, ni kumpa dawa bila kumpima.

Wala mtazamo huu hautaki viwango vishushwe. Chuo cha afya kina wajibu kwa mgonjwa ambaye bado hajafika. Asiyeweza kukokotoa dozi ya mtoto hapaswi kupitishwa kwa huruma. Kumheshimu mwanafunzi aliyefeli ni kumwambia ukweli huo waziwazi, kumwonyesha umbali uliobaki, na kumpa njia ya kuumaliza. Wapo ambao mwisho watahamia fani nyingine, na hilo nalo si aibu, mradi waondoke kwa uamuzi na si kwa kukimbia.

Kosa linalofichwa

Mwanafunzi aliyejifunza kuficha alama anaweza kuwa muuguzi au daktari anayeficha kosa. Njia ni ileile: nikigundulika nimekosea, itajulikana kwamba sistahili kuwa hapa. Chuoni anayeumia ni yeye mwenyewe. Wodini anayeumia ni mgonjwa aliyepewa dawa ya kitanda cha pili, na hakuna aliyesema mapema ili aangaliwe.

Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard alichunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali mbili za Marekani na kuchapisha matokeo yake mwaka 1996. Alitarajia kwamba wodi zenye uongozi mzuri na ushirikiano zingekuwa na makosa machache. Kumbukumbu zilionyesha kinyume: wodi hizo ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi yaliyoripotiwa. Uchunguzi zaidi ulionyesha kwamba wauguzi wa wodi hizo walikuwa huru kusema walipokosea. Katika wodi za viongozi wakali, makosa yalifichwa. Kosa lililosemwa linaweza kurekebishwa kabla halijamdhuru mgonjwa, na linaweza kuwazuia wengine wasilirudie.

Kwa hiyo daktari bingwa anayewauliza wanafunzi maswali mbele ya kitanda cha mgonjwa anajenga zaidi ya ujuzi wa kitabibu. Mwanafunzi akijibu "sijui" na kuambiwa, "Vema umesema, kasome leo, kesho utueleze," amefundishwa kwamba kukiri kutokujua ni salama. Akikejeliwa, amefundishwa kubahatisha. Kubahatisha huko atakwenda nako hadi mwaka wa utarajali, usiku, akiwa peke yake na mgonjwa.

Wagonjwa nao hupitia hali hiyo. Mtu anayeogopa kukaripiwa kliniki husema amekunywa dawa zote wakati hajanywa, na daktari humwongezea dozi asiyoihitaji. Mhudumu aliyejifunza kusoma alama zake bila aibu atakuwa tayari kumuuliza mgonjwa, "Ni siku zipi imekuwa vigumu kunywa dawa?" na kupata jibu la kweli.

Dalili zisizosubiri

Huzuni ya siku chache baada ya matokeo mabaya ni ya kawaida. Kuna hali nyingine ambayo haiondolewi kwa maneno ya kutia moyo. Uchambuzi wa tafiti kutoka nchi zaidi ya 40, uliochapishwa mwaka 2016 na Lisa Rotenstein na wenzake, ulikadiria kwamba asilimia 27.2 ya wanafunzi wa udaktari walikuwa na sonona au dalili zake, na asilimia 11.1 waliwahi kuwa na mawazo ya kujiua katika vipindi vilivyochunguzwa. Miongoni mwa waliobainika kuwa na dalili za sonona, ni asilimia 15.7 tu waliokuwa wametafuta matibabu. Hawa ni watu wanaosomea tiba, na bado wengi wao hawakuitafuta.

Jamaa, marafiki na wahadhiri wanapaswa kuwa macho ikiwa kwa wiki mbili au zaidi mwanafunzi amekosa raha karibu kila siku, halali au analala kupita kiasi, ameacha kula, ameacha kwenda darasani, anajitenga, au ameanza kutumia pombe ili apate usingizi. Maneno kama "nimekuwa mzigo," "ningepotea tu ingekuwa afadhali," au kugawa vitu vyake na kuaga bila sababu ni dharura. Mtu huyo asiachwe peke yake. Aulizwe moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, na mara nyingi humpa nafuu ya kusema. Vitu anavyoweza kujidhuru navyo viondolewe, na apelekwe siku hiyohiyo hospitali, akisindikizwa. Kwa hali isiyo ya dharura, ofisi ya mshauri wa wanafunzi, kitengo cha ushauri nasaha na kliniki ya afya ya akili ndipo pa kuanzia. Sonona hutibika, na mwanafunzi aliyetibiwa anaweza kurudi darasani.

Simu ya pili

Kiswahili kina namna ya kukanusha ambayo lugha nyingi hulazimika kuongeza neno ili kuipata. Anayesema "sikufaulu" amefunga habari. Anayesema "sijafaulu" ameeleza ukweli uleule wa leo, lakini ameuacha mlango wazi. "Siwezi" na "sijaweza" hutofautiana kwa silabi mbili tu. Mzazi, mhadhiri na mwanafunzi wanaweza kuanza na silabi hizo bila gharama yoyote, mradi nyuma yake kuna mpango wa kweli.

Mzazi hahitaji kujua anatomia ili kusaidia. Anachoweza kufanya ni kuubadili mwenendo wa maswali yake mapema, kabla matokeo hayajatoka: kuuliza mwanawe anajifunza nini, wapi pamekuwa pagumu, na anasoma na nani, badala ya kuuliza tu kama amefaulu. Anaweza pia kumwita kwa jina lake. "Daktari wangu" ni jina la upendo, lakini kwa mtoto aliyefeli linaweza kuwa deni.

Siku tatu baada ya simu ya kwanza, binti wa mfano amekwenda kwa mhadhiri, ameziona karatasi zake, na amejua kwamba alama nyingi zilipotea katika mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Amepata wenzake wawili wa kusoma nao. Usiku anapiga simu nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, juzi nilikudanganya. Anatomia sijafaulu. Nitarudia mtihani."

Kuna kimya kifupi. Jibu la mama katika kimya hicho lina uzito kuliko semina nzima kuhusu mitazamo. Likiwa kilio au lawama, simu nyingine ya kweli huenda isipigwe tena. Lakini linaweza kuwa fupi tu:

"Asante kwa kuniambia, mwanangu. Marudio ni lini, na unahitaji nini?"